Shajara ya mradi: mashine ya rola ya kukunja ukingo wa bati, ya kuzungusha kwa mkono

14 Januari 2024: wazo na manunuzi

Wakuu, naanza kuandika mapema ili anayetaka kuiga asisubiri mpaka mwisho, nitakuwa naongeza kila hatua ikiisha, na hela naweka wazi maana najua ndo swali la kwanza.

Karakana iko Morogoro. Kazi zetu ni kofia za paa, mabonde, flashingi za ukutani (bati la kuziba maji pale paa linapogusa ukuta) na gata, bati geji 28 na 30, mara chache 26 (geji ni namba ya unene, ikipanda bati ni jembamba). Shida inayotula ni ukingo. Bati likikatwa linabaki kisu, linakata vidole vya fundi, linapepea likiwa juu, na maji badala ya kudondoka yanarudi chini ya bati mpaka kwenye mbao. Dawa inajulikana, unapiga pindo la milimita 12 hivi kwenda ndani, ukingo unakuwa mgumu na maji yanadondoka. Mpaka sasa pindo tunalipiga kwenye foda yetu (mashine ya kukunjia bati) ya mita 2.4, mkunjo wa kwanza mpaka digrii 135, unatoa bati, unaliweka upya, unalikandamiza. Ni polepole, na kofia ya mita 4 haiingii kabisa, hiyo inapigwa saiti kwa nyundo ya mbao juu ya engo na ukiangalia kutoka barabarani unaona imepinda.

Kwa hiyo nataka mashine ndogo ya rola, unaingiza bati upande huu, unazungusha mpini, linatoka upande wa pili likiwa na pindo tayari, urefu wowote. Iwe ya watu wawili kuibeba na kuipakia kwenye bajaji ya mizigo, na isitegemee umeme maana saiti nyingi hakuna.

Plani ya kwanza ni jozi tatu za rola kwenye fremu moja. Jozi ya kwanza inainua ukingo digrii 45, ya pili 90, ya tatu inafunga. Kati ya jozi na jozi milimita 70, ili fremu iwe fupi.

Nilivyonunua: chaneli 100x50 vipande vya skrepa jumla mita tatu, 70,000. Shafti milimita 25, 60,000. Chuma cha mviringo cha milimita 60 cha kukereza rola, 80,000. Pilo bloki (beringi zenye nyumba yake) UCP205 sita kwa 15,000 moja, 90,000. Beringi 6205 sita za shafti za juu, 8,000 moja, 48,000. Hapo ni 348,000.

Kitu kimoja kabla hujanunua bati la majaribio, beba venia, kile kipimo cha unene. Geji 28 ya SWG (kipimo cha Kiingereza) ni milimita 0.376 na geji 30 ni 0.315. Nililoletewa kama 28 lilisoma 0.33 pamoja na rangi yake, yaani ni 30 iliyovaa suti. Kama unaseti rola kwa namba ya kwenye karatasi ya duka utahangaika bure, seti kwa unachokipima.

4 Februari 2024: fremu na kukereza

Hii haina maneno mengi. Chaneli mbili zimesimama sambamba, zimeunganishwa na vipande vya engo, pilo bloki za chini zimefungwa kwa bolti M12. Shafti za juu zinakaa kwenye vibox vya flatibaa vinavyopanda na kushuka kwa bolti ya kukaza, beringi iko ndani ya kibox. Chomelea kidogo kidogo ukipokezana pande, ukichoma mstari mzima upande mmoja chaneli inavutika na shafti hazitakaa sambamba tena. Mimi nilibana fremu kwenye meza kwa klempu mpaka ikapoa.

Shafti za chini zinazungushwa kwa cheni na sproketi za pikipiki, za juu zinafuata za chini kwa gia nilizookota kwenye skrepa Gerezani nilipokuwa Dar. Kukereza rola sita 120,000, sproketi nne na cheni 63,000, gia sita 60,000, rodi na diski za grainda 30,000. Jumla ya hatua hii 273,000, tumefika 621,000.

25 Februari 2024: jaribio la kwanza, marinda

Tulikata ukanda wa bati wa sentimita 20, tukaingiza, kijana akazungusha. Pindo lilitoka, tena limefunga vizuri tu, ila ukingo mzima una marinda kama gauni la sendofu. Ukiliweka juu ya meza bati linacheza, linapanda na kushuka kila baada ya sentimita chache, na pindo lenyewe limevimba hapa limebanwa pale. Mteja hawezi kupokea kitu kama hicho.

Mshukiwa wa kwanza alikuwa mbano. Rola zikibana zaidi ya unene wa bati zinalisukuma kama mtu anasukuma unga wa chapati, ukingo unarefuka, ukirefuka hauna pa kwenda ila kufanya mawimbi. Hiyo ni kweli na inatokea, kwa hiyo tulilegeza bolti za juu mpaka kipande cha bati na karatasi moja ya daftari vikapita pamoja kati ya rola. Marinda yakabaki vilevile. Tukalegeza tena mpaka rola ya juu inagusa tu. Yale yale. Basi sio mbano.

Ikabidi nikae na kalamu. Hii sehemu isome taratibu kwa sababu ndo roho ya mashine yote.

Bati likipita kwenye rola, sehemu bapa inatembea moja kwa moja mbele. Ukingo wenyewe hautembei moja kwa moja, unatembea mbele huku unapanda. Njia yake ni ndefu kuliko ya sehemu bapa, ila vyote vinatakiwa vifike rola inayofuata kwa wakati mmoja. Kwa hiyo ukingo unavutwa. Chukua pindo la milimita 12 linalopanda digrii 45, ncha inahama kama milimita 9.2 kutoka ilipokuwa. Umbali kati ya jozi ni 70. Piga Pythagoras ya shule, 70 kwa 70 jumlisha 9.2 kwa 9.2, toa kipeo, unapata 70.6. Ukingo umevutwa milimita 0.6 kwenye 70, yaani kama asilimia 0.86. Jozi ya tatu ndo balaa, inatoka 90 mpaka 180 kwa mpigo, ncha inahama milimita 17, mvuto unafika karibu asilimia 2.9.

Sasa bati la kuezekea la aina ya G550 lina nguvu ya megapaskali 550. Gawa kwa 200,000 ambayo ni ugumu wa chuma, unapata 0.00275, yaani asilimia 0.275. Ukilivuta chini ya hapo linarudi lenyewe, ukivuka hapo limerefuka moja kwa moja na halirudi. Sisi tulikuwa tunavuka mara tatu jozi ya kwanza na zaidi ya mara kumi jozi ya mwisho. Marinda yalikuwa lazima.

Kwa hiyo mashine kuwa fupi ndo ugonjwa wenyewe. Nguvu ya kukunja ni ndogo sana, mtoto anaweza kuzungusha, kinachotakiwa ni hatua nyingi ndogo na umbali mrefu kati ya hatua. Watu wengi wanaoniuliza wanauliza "mota ya nguvu ngapi", hilo swali liwe la mwisho.

Bati pleni moja limeisha kwenye majaribio, 45,000. Jumla 666,000.

17 Machi 2024: plani ya pili, jozi sita

Tumekata fremu na kuiongeza. Sasa ni hatua sita za digrii 30 kila moja, 30, 60, 90, 120, 150, na ya mwisho kufunga. Umbali kati ya hatua milimita 130. Ukipiga hesabu ileile ncha inahama milimita 6.2, mvuto kama asilimia 0.11, tuko salama kwenye karatasi.

Nasema kwenye karatasi kwa sababu bati halipandi polepole kwa milimita zote 130. Linakaa bapa, halafu likikaribia rola ndo linapanda haraka. Nilipiga mistari ya kalamu ya alama kila milimita 10 kwenye ukingo, nikasimamisha bati likiwa ndani ya mashine, nikachungulia kwa tochi. Kupanda kwenyewe kunatokea kwenye kama milimita 90 za mwisho. Hesabu kwa 90 inatoa asilimia 0.24. Bado chini ya 0.275 ila pembamba, weka hilo kichwani, litarudi huko chini.

Gharama ya kuongeza ndo imeniuma: vipande vya chaneli 40,000, pilo bloki sita nyingine 90,000, beringi ndogo 6202 sita 30,000, chuma cha mviringo 40,000, kukereza rola mpya na kurudia mbili za zamani 150,000, sproketi tatu 36,000, cheni 15,000. Ni 401,000, jumla 1,067,000. Anayeiga aanze moja kwa moja na sita, ataokoa kukereza mara mbili.

6 Aprili 2024: jozi ya nne inakata bati

Hatua tatu za kwanza zimetoka safi, 30, 60, 90, ukingo umenyooka, hakuna rinda hata moja. Tulikunywa soda.

Hatua ya nne ikazingua. Kutoka 90 kwenda juu rola ya juu haina pa kukaa, kwa sababu ukingo unaanza kulalia ndani na rola iko palepale unapotaka kwenda. Nilimwambia fundi wa kukereza atoe rola ya juu yenye mfereji ulioinama, nikiamini ukingo utaingia kwenye mfereji na kulala wenyewe. Ukaingia, lakini haukutoka. Makali ya mfereji yalikuwa yanakwaruza rangi mpaka kwenye chuma, na baada ya mita moja hivi bati likachanika kando ya mkunjo.

Dawa ilikuwa kuachana na rola ya juu kabisa kuanzia hatua ya nne. Chini inabaki rola ya kawaida inayobeba bati, halafu pembeni unaweka rola ndogo ya koni imesimama kwa kuinama, inausukuma ukingo kutokea nje kuja ndani. Haiendeshwi na chochote, inazunguka bure juu ya beringi mbili za 6202 na bolti M15 niliyokerezesha kutoka kwenye kipande cha shafti, maana beringi hiyo tundu lake ni milimita 15. Kila rola ya pembeni imefungwa kwenye flatibaa yenye tundu refu ili niweze kuisogeza mbele nyuma na kubadili inavyoinama. Hilo tundu refu usiliache, ndo sehemu pekee utakayoigusa kila ukibadili geji.

Koni tatu zilikuwa zimeshahesabiwa kwenye bei ya Machi, kwa hiyo hapa hela haikutoka.

28 Aprili 2024: mikwaruzo kwenye rangi

Pindo sasa linafunga, lakini upande wenye rangi unatoka na michirizi mirefu, mingine imefika kwenye alizinki (mpako wa alumini na zinki ulio chini ya rangi). Kwa mteja wa bati la bluu au jekundu hiyo ni hasara, na paa la namna hiyo linaanza kuharibika hapohapo kwenye mchirizi.

Chanzo kilikuwa gia. Rola ya juu na ya chini zimefungwa gia zinazolingana meno kwa hiyo zinazunguka kwa mzunguko uleule, lakini zile nilizorudisha kukereza zilipungua kipenyo, ya juu ikabaki ndogo kuliko ya chini kwa milimita karibu mbili. Mzunguko sawa, kipenyo tofauti, maana yake nyuso zinakwenda kwa mwendo tofauti na moja lazima iteleze juu ya bati. Inateleza juu ya rangi.

Nimetoa gia zote. Rola za juu sasa zinazunguka bure, bati lenyewe linazizungusha, na michirizi ya namna ile imekwisha siku ileile. Gia za 60,000 ziko kwenye ndoo, kama kuna mtu anazitaka aje achukue kwa bei ya skrepa.

Ila kutoa gia kukaleta lingine, rola za chini peke yake hazina mshiko wa kuvuta bati kupita koni tatu. Zinazunguka, bati limesimama. Kutia meno kwenye rola hapana, yatachora bati. Tulijaribu kuvisha mpira wa tyubu ya baiskeli kwa gundi, ukashika vizuri halafu ukavuka kama soksi. Kilichokubali ni hosi ya radieta ya lori, ile nene yenye nyuzi ndani. Tumevisha vipande vya hosi juu ya bomba la chuma, bomba limekaa kwenye shafti ya chini ya hatua ya kwanza, ya tatu na ya sita, upande wa bati bapa mbali na pindo, na juu yake kuna rola ya kukandamiza kidogo. Hosi ilikuwa ngumu kuingia, tukaichemsha kwenye maji na kupaka sabuni.

Rola zote zinazogusa rangi tumezing'arisha kwa msasa mpaka namba 600 zikiwa kwenye leith. Ukifanya bati la zinki tupu angalia pia, zinki inaganda kwenye rola vipele vipele na vile vipele vinachora bati linalofuata. Kitambaa chenye mafuta ya taa kila asubuhi kinatosha.

Hosi 12,000, bomba 8,000, msasa 5,000. Jumla 1,092,000.

19 Mei 2024: mvua, na bati linalopinda kwenda kushoto

Masika ya mwaka huu mnaijua wenyewe. Kanda tulizokuwa tumekata tulizipanga juu kwa juu pembeni ya ukuta, maji yakapenya katikati, na tulipokuja kuzitenganisha zile za zinki zina unga mweupe wa kutu. Bati la zinki linapenda hewa, likiwa limelowa na kubanana ndo linaota hiyo kitu. Sasa zinasimama wima na vipande vya mbao katikati.

Kwenye mashine kuna mawili.

La kwanza pindo linaanza na milimita 12 linamaliza na 9, kwa sababu bati linatangatanga likiingia. Mwongozo nilioweka ulikuwa engo fupi ya sentimita 15. Nimeweka flatibaa ya sentimita 80 mbele ya hatua ya kwanza na beringi mbili upande wa pili zinazosukuma bati liguse flatibaa muda wote. Tofauti sasa ni chini ya milimita moja kwa bati la mita 4. Flatibaa imefungwa kwa bolti zenye tundu refu, unasogeza upana wa pindo unavyotaka.

La pili bati likitoka limepinda upande, ukilaza chini na kuvuta uzi kutoka mwanzo mpaka mwisho wa mita 3 katikati kuna nafasi ya milimita 18. Hii inatokana na kufanya kazi upande mmoja tu, ukingo uliokunjwa una mvuto uliobaki ndani na upande mwingine hauna. Dawa ni kuweka rola moja baada ya hatua ya sita, inayopanda, kushuka na kusogea pembeni kwa bolti, unalipinda bati kidogo kinyume na linavyotaka kwenda. Kuiseti ni kwa kujaribu tu, robo mzunguko wa bolti halafu uzi tena. Tumefika milimita 3 kwenye mita 3, msumari wa bati unamaliza kilichobaki. Ukiingiza bati upande wa pili kwa kofia yenye mapindo mawili, kupinda kunajirekebisha zaidi.

Flatibaa 25,000 na beringi nne 20,000. Jumla 1,137,000.

16 Juni 2024: bati gumu na bati laini

Hapa kuna kitu ambacho sikukitegemea. Mteja alileta roli la bati pleni laini, lile la kukunjia flashingi. Nikajua hili litapita kirahisi kuliko yote. Marinda yamerudi! Madogo, ila yapo.

Rudi kwenye hesabu ya Machi. Bati laini la megapaskali 300 mpaka wake wa kurefuka ni asilimia 0.15, karibu nusu ya lile gumu. Mashine yangu inavuta asilimia 0.24. Bati gumu linavutwa na kurudi, laini linavutwa na kubaki limerefuka. Yaani kwa mashine ya rola bati laini ndo tabu kwenye ukingo, kinyume kabisa na foda.

Sikuongeza rola. Mvuto unakwenda na pindo mara pindo, ukipunguza pindo kidogo mvuto unashuka sana. Kutoka milimita 12 mpaka 9 mvuto unabaki kama asilimia 0.13, nikasogeza flatibaa ya mwongozo milimita 3 na marinda yakaisha. Pindo la 9 kwa maji na kwa vidole linatosha kabisa.

Kujua una bati gani bila maabara, kata kona, ikunje kwa koleo mpaka ilale, ikunjue, ikunje tena. Gumu linarudi nyuma sana ukiliachia na linakatika baada ya mikunjo michache, laini linakaa pale ulipoliacha na linachelewa kukatika.

Lile gumu nalo lina lake. Hatua ya sita nilikuwa nafunga pindo mpaka linalala kabisa, linapendeza kwa macho. Ukipiga picha ya karibu kwa simu na kuikuza unaona rangi imepasuka mstari mzima kwenye mkunjo. Niliweka kipande kwenye sahani ya maji ya chumvi pamoja na kipande chenye pindo lililoachwa wazi kidogo, kile kilicholazwa kikatoa kutu nyekundu kwenye mstari na kile kingine bado. Sasa koni ya mwisho nimeirudisha nyuma, pindo linabaki na nafasi ya milimita 2 mpaka 3 ndani. Bati gumu linajirudisha lenyewe kidogo kwa hiyo ukiseti 2 utapata karibu 3.

Ukikata kanda kwa urefu wa roli, mkunjo unafuata mwelekeo ambao chuma kilipitishwa kiwandani, na huko ndiko kunakopasuka kirahisi zaidi. Kukata kwa upana kunasaidia lakini unapata mita 1.2 tu, haina maana kwa kofia. Pindo wazi ndo jibu.

Na hili nimeshalisema karakana mpaka nimechoka, msikate kanda kwa grainda. Diski inaunguza rangi na alizinki kando ya mkato, cheche zinaganda juu ya bati na kuota kutu vidoadoa ndani ya siku chache, na miba inayobaki inachana hosi zangu. Gilotini ya jirani ni 500 kwa mkato mmoja. Hata ya gilotini ina miba upande mmoja, ingiza bati ili miba iende ndani ya pindo.

4 Agosti 2024: saiti

Mashine imeenda saiti, nyumba ya vyumba vitatu, kofia za mita 4 na flashingi za ukutani. Watu wawili, mmoja mpini mmoja anapokea, na stendi ya mbao mbele na nyuma, yenye kimo sawa na mashine. Stendi msiidharau, bati refu likining'inia nyuma linainua mbele na mwongozo wote unakuwa kazi bure. Mashine yenyewe lazima ifungwe, tumeipigia misumari kwenye ubao mnene, mwanzoni ilikuwa inatembea yenyewe kila tukizungusha.

Kwenye foda kofia mbili zilikuwa zinakula asubuhi ukihesabu kuunga, sasa muda mwingi unakwenda kwenye kukata na kubeba.

Kinachosumbua kwa sasa ni bolti za koni, zinalegea kwa mtetemo baada ya kanda kadhaa, na koni ya hatua ya tano ikirudi nyuma hata milimita moja pindo linaingia hatua ya sita likiwa wazi mno na linakunjamana. Nimeweka nati mbili mbili, inasaidia. Nitaweka bolti ya kusukuma kutoka nyuma ya flatibaa, M8 inatosha.

Geji 26 inapita, ila mpini unakuwa mzito na hosi ya hatua ya kwanza inateleza bati likiwa na mafuta ya kiwandani. Likifutwa kwa kitambaa kikavu linapita. Sproketi ya mpini ina meno 14 na ya shafti 36, nikipata ya 42 nitabadili.

Hela imebaki 1,137,000, bila kazi yetu wenyewe na bila bati lililoharibika baada ya lile la kwanza. Ukiondoa gia na kukereza kwa marudio, mtu anayeanza na plani ya jozi sita anaweza kuitoa kwa karibu milioni moja kwa bei nilizokuta mimi.

Vipimo kwa anayetaka kukata: hatua sita, milimita 130 kati ya shafti na shafti, shafti 25, rola za chini kipenyo 58 baada ya kukereza, jozi tatu za kwanza zinainama 30, 60 na 90, koni tatu zinasukuma mpaka 120, 150 na kufunga kwa nafasi ya 2. Mwongozo wa kuingilia sentimita 80. Rola ya kunyoosha iko milimita 150 baada ya hatua ya sita. Bati gumu pindo 12, bati laini pindo 9.